Sifa za Mjaribu Pikipiki

Wenye kasi ni wengi. Ninayemvulia kofia ni yule anayeijaribu pikipiki ya mbio kwa ajili ya mwendeshaji wa ridhaa, seremala au mwalimu aliyedunduliza fedha aingie uwanjani siku yake ya mapumziko.

Chukua Honda CBR900RR FireBlade ya 1992. Kwa kuhesabu cc tu, injini yake ya 893 ilipitwa na zile za lita moja. Lakini Tadao Baba, aliyeongoza uundaji wake, alitanguliza wepesi, nayo ikatoka na kilo 185 bila mafuta wala maji, ilhali Yamaha FZR1000 ilizidi 200. Tarakimu hizo kila mtu anaweza kuzinakili. Mjaribu anatakiwa aseme mikono inasikia nini.

Uwanja wa mbio wa Donington Park, Uingereza, ni mahali pazuri pa kuuliza. Ukishatoka kona ya Redgate njia inateremka, unalala kulia, kisha upesi kushoto kwenye Craner, na kona ya Old Hairpin inakusubiri chini. Pale kilo zinajieleza zenyewe. FireBlade ya kwanza ilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 16, hivyo iliingia kona haraka; je, wepesi huo unampa mgeni imani au unamshtua?

Kulijibu hilo, mjaribu stadi huendesha vibaya kwa makusudi. Ustadi huu naupenda kuliko wote. Anachelewa kushika breki, anaachia ghafla, anafungua mafuta kwa pupa katikati ya kona, anakosea gia, halafu anatulia kusikiliza pikipiki inasamehe kiasi gani. Kisha anarudia jioni, viganja vikiwa vimekufa ganzi, kwa sababu ndivyo mwenye pikipiki atakavyokuwa kwenye zamu yake ya mwisho.

Wala halaumu kabla ya kupima. Anakagua upepo wa tairi zikiwa za moto, na springi zinazama kiasi gani akikaa, maana shokapu zilizorekebishwa kwa mtu wa kilo 65 zitamyumbisha wa kilo 95, na fremu isiyo na kosa ikabebeshwa lawama.

Ripoti ninayoiamini hunitajia uzito wa aliyeendesha, hali ya lami, na mikono ilianza kuchoka kwenye zamu ya ngapi. Muda wa mzunguko nausoma baadaye, nikikumbuka.