Ghorofa ya Nne Imekwenda Wapi?

Katika baadhi ya majengo ya Korea Kusini, hospitali zikiwemo, vitufe vya lifti husomeka 1, 2, 3, F, 5. Hong Kong yapo majengo marefu yasiyo na ghorofa ya 4, 14 wala 24. Sababu iko masikioni. Kwa Kichina, neno la nne na neno la kufa hutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Wajapani na Wakorea walipokea namba hizo kutoka China, na hofu ikaja nazo. Wajapani wengine huikwepa hata 9, kwa kuwa inasikika kama neno la mateso.

Wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri. Kampuni ya simu ya OnePlus ilitoa toleo la 3 na la 3T, kisha mwaka 2017 ikaruka hadi la 5. Kamera za Canon za PowerShot zilitoka G3 zikaenda G5. Namba 8 nayo inapendwa kwa sababu inakaribiana na neno la kutajirika. Mwaka 2003 Shirika la Ndege la Sichuan lilinunua namba ya simu yenye nane tupu, nane zote, kwa yuan milioni 2.33. Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8/8/2008, saa nane za jioni kwa hesabu yao. Kwa hesabu yetu Waswahili ilikuwa saa 2 usiku, na nane moja ya bahati imeshatoweka!

Je, tuwacheke? Hapana. Wengi wetu tulikatazwa na bibi zetu kumtaja nyoka usiku, aliitwa kamba. Kampuni inayoruka 4 ili isimkwaze mteja inaonyesha adabu, na adabu si ibada ya sanamu.

Lawama yetu iko kwingine. Anayeuza 8 kwa bei ya juu huenda haamini lolote juu yake, ila anailisha hofu ya mwenzake ili apate faida. Tena kuna gharama isiyoonekana dukani. Mwaka 2015 jiji la Vancouver, Kanada, lenye wakazi wengi wenye asili ya China, liliwataka wajenzi waache kuruka namba za ghorofa, kwa sababu wazima moto wanaopanda gizani wanahitaji kujua wako ghorofa ya ngapi hasa. Hapo hofu ya neno inaweza kumgharimu mtu uhai wake. Katekisimu inapofafanua Amri ya Kwanza inatuuliza tunamcha nani na tunamtumaini nani kuliko vyote, na swali hilo linamfikia muuzaji kabla ya mnunuzi.

Wakristo wa China wana Injili nne, nao huzitaja kwa neno lilelile la nne, bila kuruka. Tunawaheshimu kwa hilo, maana sisi tunayo namba yetu. Msharika akiona 666 kwenye risiti au kwenye kibao cha gari, moyo unaruka. Kompyuta ya kwanza ya Apple iliuzwa mwaka 1976 kwa dola 666.66, na hadi leo wapo wanaoona mkono wa shetani pale, ingawa Steve Wozniak alieleza kwamba alipenda tu tarakimu zinazojirudia. Ufunuo sura ya 13 inazungumzia mamlaka inayodai kuabudiwa, inayomzuia asiyeiabudu kununua na kuuza. Wasomaji wa kwanza waliambiwa watumie akili na kuhesabu. Hawakuambiwa wakimbie bei ya kitu sokoni.

Na vijana wa China huandikiana 666 kwenye simu kumpongeza aliyefanya jambo kwa ustadi, kwa sababu sita kwao inasikika kama neno la mambo kwenda vizuri. Mkristo wa Beijing akisikiliza kwaya yetu kisha akatuma sita tatu, ametusifu.