Skrubu Waliyomwachia Fundi

Malori yatokayo bandari ya Kilindini, Mombasa, hupita Makupa, yakaingia Kibarani, kisha yakashika njia ya Changamwe. Miaka mingi abiria aliitambua Kibarani kwa harufu ya jaa lililomwagwa ukingoni mwa bahari. Jaa limefungwa, miti na nyasi zikapandwa, na tangu 2022 maji hupita chini ya daraja jipya la Makupa pale palipokuwa pamezibwa kwa udongo. Kilichobaki vilevile ni malori, na miongoni mwa yaelekeayo bandarini yamo yenye makontena ya baridi: parachichi za bara zinateremka kwenda melini, zikitakiwa kukaa kwenye nyuzi 5 au 6 huku nje jua likichoma lami.

Mtu akisimama karibu na mashine ya baridi huvutwa na feni na kompresa, kwa kuwa ndizo zenye kelele. Sehemu inayostahili kutazamwa zaidi haina sauti. Ni valvu ya kupunguzia shinikizo la gesi. Katika makontena ya siku hizi huendeshwa kwa umeme, lakini katika vyumba vingi vya baridi, vya hoteli, vya mabucha na vya wauza samaki, bado ni ile ya shaba inayoenea kiganjani.

Kazi yake ni kupima. Gesi huifikia ikiwa majimaji yenye shinikizo kubwa, ikapenya tundu dogo, shinikizo likaporomoka, na hapo majimaji yakaanza kuchemka. Kuchemka huko ndiko baridi yenyewe: gesi ya aina ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa, na ikichemka hunyang'anya joto kila kilicho jirani. Ikipita haba, chumba hakipoi. Ikizidi, majimaji hufika kwenye kompresa, nayo imeundwa kubana mvuke. Majimaji hayabaniki, kompresa huvunjika.

Basi valvu hujuaje kiasi? Kuna kichupa kidogo cha chuma chenye gesi yake, kinachofungwa kwenye bomba pale mvuke unapotoka katika koili ya baridi. Bomba likipata joto, gesi ya kichupa hutanuka, ikasukuma kiwambo chembamba, na sindano ikafungua njia. Bomba likipoa, springi hurudisha sindano. Hakuna betri wala waya. Joto lenyewe ndilo linaloagiza baridi yake.

Mads Clausen, mzaliwa wa 1905, alianza kutengeneza valvu za namna hii mwaka 1933, katika chumba cha darini kwenye nyumba ya shamba ya wazazi wake. Alikuwa mtu wa kisiwani: kisiwa cha Als, Denmark. Miaka ile ya mdororo wa uchumi, nchi yake ilikuwa imebana uagizaji wa bidhaa za nje, na watengenezaji wa friji walihitaji valvu. Kampuni ilichukua jina la Danfoss mwaka 1946. Clausen alipofariki 1966, mkewe Bitten alishika uenyekiti wa bodi. Mwaka 1971 wakfu wenye majina yao wawili uliundwa ili umiliki usitawanyike, na kuanzia 1996 hadi 2008 mtoto wao Jørgen aliiongoza kampuni. Mwaka 2010 waliuza biashara ya kompresa za friji za nyumbani. Ya valvu hawakuiuza, na makao makuu hayajahama kisiwani.

Hata hivyo valvu ikitoka kiwandani haijawa kitu mpaka ifike kwa fundi. Fundi mzuri akichomelea mabomba ya shaba hupitisha naitrojeni taratibu ndani yake, ili moto usiache magamba meusi yatakayoziba tundu baadaye. Kichupa hukisugulia mahali pasafi kwenye bomba, akakikaza mgongoni au ubavuni, kati ya namba 1 na 4 kwenye uso wa saa. Hakiweki chini kabisa, kwa sababu huko hupita mafuta ya kompresa, na mafuta hukidanganya kichupa. Kisha hukifunika kisipigwe na hewa ya chumba. Anavuta hewa yote kwenye mabomba kwa pampu, anajaza gesi, anafunga gaji, halafu anangoja.

Kungoja huku ndiko kunakomtenga na mbabaishaji. Chini ya kifuniko kidogo ubavuni mwa valvu kuna skrubu ya kukaza au kulegeza springi. Mbabaishaji huizungusha, akaona gaji imecheza, akaizungusha tena. Fundi huisogeza robo mzunguko, akaacha mashine itulie, ndipo asome joto la bomba na shinikizo, alinganishe, aamue kama aguse tena au afunge kifuniko.

Kiwanda hupanga springi hiyo kabla ya kuifunga valvu katika boksi, na mara nyingi mpango huo hutosha. Lakini aliye Als hawezi kujua chumvi ya hewa ya Mombasa imekula kondensa, koili ya kutolea joto nje, kiasi gani, wala mlango wa chumba cha samaki hufunguliwa mara ngapi kabla ya adhuhuri. Wangeweza kuuziba ule ubavu, wakaiamini hesabu yao. Waliacha skrubu, kwa kujua kwamba kipimo cha mwisho kitachukuliwa na mtu aliyesimama mbele ya mashine.