Tope Lenye Shaba, Mwani na Saa 72

Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la tope sumu la shughuli za shaba karibu na Chambishi, nchini Zambia, ulibomoka. Takriban lita milioni 50 za taka zenye asidi na metali nzito ziliingia kijito cha Mwambashi, zikateremka hadi Mto Kafue. Samaki walikufa, wakazi wa Kitwe wakakatiwa maji, na serikali ikatumia hata ndege kumwaga chokaa mtoni ili kupunguza makali ya asidi.

Balaa kama hilo likitokea, majibu ya kwanza ya maabara huwa orodha: shaba kiasi hiki, kobalti kiasi hiki, zinki kiasi hiki kwa kila kilo ya tope. Orodha hiyo inahitajika, ila haitoshi kutuambia uhai wa majini umeumizwa kiasi gani. Mlima mweusi wa taka za tanuri uliopo Lubumbashi, nchini Kongo, una kobalti, shaba na zinki, lakini sehemu kubwa ya metali katika taka za namna hiyo imefungwa ndani ya jiwe lililoyeyuka kisha likaganda. Tope lenye asidi linaweza kuwa na metali kidogo zaidi kwa kilo, na bado likaua zaidi, kwa sababu metali yake tayari iko ndani ya maji. Ndiyo maana wataalamu huuliza mwani.

Mwani wa hadubini ndio shamba la mto na ziwa. Vidudu vya majini huula, samaki wadogo hula vidudu hivyo, na kuendelea. Ukikwama mwani, wote walio juu yake hupungukiwa. Tena ni seli moja tu iliyozungukwa na maji pande zote, hivyo metali iliyoyeyuka huifikia bila kupita kwenye ngozi wala utumbo.

Kazi huanza kwa kuyapata maji ya taka. Utaratibu wa Ulaya unaojulikana kama EN 12457-2 unataka taka zisagwe hadi chembe ziwe ndogo kuliko milimita 4, zichanganywe na maji kwa uwiano wa lita 10 kwa kilo 1 ya taka kavu, zitikiswe kwa saa 24, kisha zichujwe kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45. Maji yanayopatikana ndiyo yatakayopimwa.

Hapo unaingia mwongozo namba 201 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD). Mwani unaotumika sana ni Raphidocelis subcapitata, wenye seli zilizopinda kama mwezi mwandamo. Ukoo wake wa maabara ulitolewa mwaka 1959 katika mto Nitelva, Norwei. Maji ya taka huzimuliwa kwa ngazi zisizopungua tano, kwa mfano asilimia 32, 10, 3.2, 1 na 0.32, na kila ngazi hupewa virutubisho vilevile. Kando yake huwekwa chupa za kulinganishia, zisizo na taka. Chupa zote hupata mwanga usiokatika, joto la kati ya nyuzi 21 na 24, na mtikiso wa kudumu kwa saa 72. Seli huhesabiwa kila siku. Mwani wa chupa za kulinganishia usipoongezeka angalau mara 16 katika siku hizo tatu, jaribio zima halikubaliki.

Hesabu inayofuata ndiyo inayopotosha wengi. Tuseme chupa zote zilianza na seli 10,000 kwa kila mililita. Baada ya siku tatu, chupa isiyo na taka ina seli 1,000,000, na yenye asilimia 10 ya maji ya taka ina 100,000. Anayetazama mavuno atasema taka zimezuia ukuaji kwa asilimia 91. Anayetazama kasi atachukua logi asilia ya ongezeko na kuigawanya kwa siku tatu: mara 100 inatoa 1.54 kwa siku, mara 10 inatoa 0.77. Kasi imepungua kwa asilimia 50 kamili. Chupa ni zilezile, majibu ni mawili, na yote mawili ni sahihi. Mwani hukua kama riba juu ya riba, hivyo pengo dogo la kasi huzaa pengo kubwa la mavuno, na pengo hilo hupanuka kila siku jaribio linapoendelea. OECD hupendelea kasi kwa sababu haiyumbishwi hivyo na urefu wa jaribio. Katika mfano wetu, ukolezi unaopunguza kasi kwa nusu, yaani EC50, ni asilimia 10. Ripoti isiyosema imetumia kasi au mavuno haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Kwa taka za metali kuna mitego zaidi, na wa kwanza umo ndani ya virutubisho vyenyewe. Maji ya lishe ya OECD yana mikrogramu 100 kwa lita za chumvi ya EDTA, kemikali inayoshikilia chuma kisitulie chini ya chupa. EDTA hushika shaba pia. Nikipiga hesabu ya molekuli, kiasi hicho kinaweza kufunga hadi takriban mikrogramu 17 za shaba kwa lita. Kwa mto uliochafuliwa kidogo, hiyo ni tofauti kati ya kuona sumu na kutoiona.

Mtego wa pili ni pH, yaani kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua. Mwani unaokua hunyonya kabonidayoksaidi na kupandisha pH ya chupa, na shaba huanza kuganda na kutoka kwenye maji. Chokaa iliyomwagwa Kafue ilitegemea kanuni hiyohiyo. Lakini kuna upande wa pili. Katika maji yenye asidi, ayoni za hidrojeni hushindana na ayoni huru za metali kuingia kwenye seli. pH ikipanda, metali inayobaki huru ni chache, ila kila ayoni yake humpiga mwani kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo jibu lililopatikana katika pH moja halihamishiki kirahisi kwenda pH nyingine. Taka za asidi zinastahili kupimwa zilivyo, na tena baada ya kurekebishwa, ili tujue kipi kilitokana na asidi na kipi na metali.

Kisha ni kumtafuta mhusika. Ukolezi wa kila metali iliyoyeyuka hugawanywa kwa EC50 yake yenyewe, na majibu hujumlishwa. Jumla ikikaribia 1 pale mwani ulipopungua kasi kwa nusu, metali hizo zinatosha kueleza madhara. Ikiwa ndogo mno, kuna sumu nyingine haijapimwa. Na hapo EDTA iliyotusumbua hugeuka msaada: ikiongezwa kwa makusudi na mwani ukafufuka, mshtakiwa ni metali. Usipofufuka, tutazame chumvi, amonia au kitu kingine.

Bado kuna jambo ambalo saa 24 za kutikisa haziwezi kulionyesha. Tope lenye madini ya salfa, kama pairiti, likikutana na hewa na maji hutengeneza asidi kwa miezi na miaka. Tope bichi linaweza kufaulu leo, kisha likawa hatari baada ya misimu kadhaa ya mvua. Sampuli moja ya siku moja haitoi hukumu ya kudumu.

Ndiyo sababu naamini wanaoishi chini ya mabwawa haya, kuanzia ukanda wa shaba wa Zambia hadi Likasi na Kolwezi za Kongo, wana haki ya ripoti inayosema mambo matano waziwazi: taka zilichukuliwa lini na zikiwa na umri gani, pH mwanzo na mwisho wa jaribio, metali iliyoyeyuka badala ya jumla pekee, EDTA ilikuwa kiasi gani, na EC50 imetokana na kasi au mavuno. Hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya. Yote yamo kwenye daftari la fundi wa maabara, na mwenye kuagiza kipimo ana wajibu wa kudai yachapishwe.