Mwomba Chumvi: Simulizi Mbili za Wanawake wa Nyanda za Juu

Msomaji wa Unguja aijuaye Mkunazini anaujua pia mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba uliolifunga soko la watumwa. Bara, hata hivyo, utekaji haukukoma. Karonga, kusini ya milima ya Rungwe, Mlozi hakuangushwa hadi 1895. Katika nchi hizo za baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ndimo zilimotoka simulizi mbili zistahilizo kusomwa upya: ya Bibi Narwimba na ya Sichyajunga.

Wamisheni wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, kisha wakaeneza vituo vyao. Elise Kootz-Kretschmer, wa misheni hiyo, ndiye aliyewasikiliza wanawake hao na kuyaandika maneno yao. Mwaka 1932 yalichapwa London kwa Kiingereza. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akayarejea katika *Strategies of Slaves and Women*.

Mpenzi wa tendi amezoea shujaa wa upanga. Hapa tendo kuu ni kuomba. Narwimba, akiwa mjane katika zama za vita, hakungoja kurithiwa. Alimwendea mwenyewe mrithi wa marehemu mumewe, akamwomba amwoe ili apate kinga. Sichyajunga, aliyetekwa angali mtoto, alipita mikononi mwa mabwana kadhaa, na kila alipofika ilimpasa ajue nani wa kukimbiliwa na nani wa kukimbiwa. Wahenga walisema: mwomba chumvi huombea chunguche. Ombi la wanawake hawa si unyonge. Ni hesabu ya mtu aujuaye mzani wa nguvu uliomzunguka.

Kasoro iko kwenye fremu. Simulizi ikiishia mlangoni pa misheni, msomaji hudhani wokovu uliletwa na aliyefungua mlango, akamsahau aliyetembea hadi akaufikia. Wright ameirekebisha dhana hiyo, ingawa neno lake “mikakati” huwa baridi pale ambapo msimulizi ananyamaza. Na kimya hicho nacho ni sehemu ya utungo.

Usomaji huu si anasa ya wahakiki. Tangu 2008 Tanzania ina sheria mahsusi dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, nayo inamtambua manusura kuwa mwenye haki ya hifadhi na ushauri nasaha. Lakini binti wa Rungwe aliyeahidiwa kazi za ndani mjini, akanyimwa ujira na nauli ya kurejea, atapaswa siku moja kusimulia mbele ya afisa ustawi wa jamii, pengine hapo hapo Tukuyu. Msikilizaji aliyekuja kutafuta machozi atayapata, na ombi lenyewe limpite. Narwimba amefundisha lililo jepesi kutamkwa na gumu kutendwa: kwanza asikilizwe anaomba nini.