TASWIRA KATIKA FASIHI: PAMBO AU UJUZI WA WATU?

Fasihi ni zao la jamii, na taswira ni sehemu ya zao hilo. Mwandishi hawezi kumfanya msomaji aone kitu akilini bila kutegemea maarifa ambayo watu wameyapata kwa mikono yao, katika kazi na katika kupambana na mazingira yao. Hata hivyo, katika madarasa yetu mengi ya Kiingereza taswira hufundishwa kana kwamba ni pambo linalobandikwa juu ya maneno baada ya kazi ya kufikiri kwisha. Mtazamo huo ni potofu, na madhara yake humwangukia zaidi mtoto wa mkulima.

Tumchukue mwanafunzi wa sekondari wa Mhezi, katika milima ya Upare, wilayani Same. Nyumbani husema Kipare, shule ya msingi alisomeshwa kwa Kiswahili, na sasa anatakiwa aone kwa lugha ya tatu. Zoezi linamwambia ataje taswira zilizomo katika shairi na kueleza maana yake. Anafungua daftari, anakuta orodha: tashibiha, sitiari, tashihisi. Anaandika majina hayo, anapata alama, na hakuona chochote. Amejifunza kwamba fasihi ni mambo ya wengine, na kwamba anayoyajua yeye si elimu.

Wako wanaosema dawa ni kuondoa vitabu vya kigeni. Mwaka 1968, mjini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Dai hilo lilikuwa la haki. Lakini kubadili vitabu hakutoshi ikiwa njia ya kusoma inabaki ileile. Boga la Waacholi laweza kukaririwa bila kueleweka, kama yalivyokaririwa maua ya Ulaya.

Boga la Lawino

Mfano huo wa boga hatukuubuni. Katika utenzi wa Okot p'Bitek uliotolewa kwa Kiingereza mwaka 1966, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la Wimbo wa Lawino, mke anamsihi mumewe msomi kwa methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga katika kiwanja cha zamani. Majibu ya mtihani husema: boga ni mila, mwandishi anataka tushike mila. Hapo mwanafunzi huishia.

Sasa mwulize mama yeyote wa Mhezi habari za boga. Atakwambia kwamba huota hata pale lisipopandwa, kwamba majani yake ni mboga, na kwamba halidai kazi nyingi. Kumbuka pia kwamba methali inataja kiwanja cha zamani, yaani watu wamekwisha kuhama. Kwa hiyo methali haikatazi kuhama. Inakataza kuharibu chakula ambacho hakikuzuii kujenga nyumba mpya. Hiyo ni hoja tofauti kabisa na ile ya kung'ang'ania kila cha kale, na anayelijua boga ndiye anayeweza kuigundua. Ujuzi wa shambani umemfanya awe mhakiki bora kuliko daftari.

Nzige wa Umuofia

Ujuzi wa nyumbani peke yake nao una mipaka. Katika kitabu cha Chinua Achebe cha mwaka 1958, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kuwa Shujaa Okonkwo, nzige wanapoingia Umuofia watu hushangilia, kwa kuwa huwakusanya na kuwala. Baadaye wazungu wanafananishwa na nzige. Mtoto wa kwetu anamjua nzige kama janga. Mwanzoni mwa mwaka 2021 nzige wa jangwani waliingia hata kaskazini mwa Tanzania. Kwake furaha ile ni fumbo. Mwalimu amkumbushe kumbikumbi, ambao watu wengi nchini huwafurahia. Hapo ataona ukali wa taswira: mgeni hakupokelewa kama adui. Wa kwanza huonekana wachache, pengine wana faida. Wanaofuata huvunja matawi kwa uzito wao. Achebe ametumia kiumbe mmoja kueleza jinsi ukoloni ulivyoingia.

Ndiva na mkulima wa mwisho

Hapana budi pia tuulize taswira inaficha nini. Kwa abiria anayepita barabarani chini, milima ya Upare ni ukuta wa kijani. Kwa mwanamke anayeteremka na mzigo wa mazao, ni mteremko. Picha zote mbili ni za kweli, lakini zimechorwa na watu wa nafasi mbalimbali.

Hali kadhalika ndiva, yaani bwawa la jadi la Wapare linalokusanya maji ya kijito usiku ili mchana yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva hutunzwa kwa msaragambo. Mshairi ataitumia kuwa taswira ya umoja, na atakuwa amesema kweli. Lakini mkulima ambaye shamba lake liko mwisho wa mfereji atauliza: nani hufungua kwanza, na maji hunifikia yakiwa kiasi gani? Taswira inayosifu bwawa na kunyamaza juu ya zamu inamtumikia aliye karibu na mlango wa maji.

Lugha yetu ya siasa haina budi kupimwa kwa kipimo hichohicho. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, na mfugaji hakuhitaji kufafanuliwa, maana alijua kupe hunenepa mahali gani. Lakini taswira inayorudiwa bila kutazamwa huchakaa. Siku kupe mwenyewe anapolitamka neno hilo jukwaani na kupigiwa makofi, taswira imekufa na imekuwa kificho chake.

Kazi ya mwalimu

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la tamathali, mwalimu aulize maswali matatu. Kitu hiki ni nini kwa watu wanaokitumia? Ni sifa gani yake iliyochaguliwa, na ipi imeachwa? Nani anasema, na picha hii inamfaa nani? Maswali haya mwanafunzi ayajadili kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha aandike Kiingereza chake. Majina ya tamathali yatafuata bila taabu, na mtihani ataufaulu. Zaidi ya hapo, atakuwa amepata uwezo wa kusikiliza hotuba, tangazo au shairi na kutambua anaonyeshwa nini na anafichwa nini. Uwezo huo si wa darasani tu. Raia wa nchi huru anauhitaji kila siku.