Kalenda Mbili, Mji Mmoja: Watoto wa Likizo Brussels na Uhaba wa Wanaowaangalia

Afisa wa burudani na michezo akikuta idadi ya watoto walioandikishwa kwa michezo ya likizo imeshuka, lawama ya kwanza huiangukia simu: watoto wa siku hizi hawataki kucheza nje. Brussels, lawama hiyo ingesubiri kwanza. Kabla ya kuwahukumu watoto, mtu aiweke kalenda ya shule mezani, na pembeni yake orodha ya vijana walioajiriwa kuwaangalia.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi amezoea wizara moja kutangaza tarehe za kufungua na kufunga shule. Brussels ina manispaa 19, na shule zake ziko chini ya wakubwa wawili: Shirikisho la Wallonie-Bruxelles kwa shule za Kifaransa, na Jumuiya ya Flandria kwa shule za Kiholanzi. Familia nyingi zisizozungumza Kiholanzi nyumbani hupeleka watoto katika shule hizo za pili, kwa hiyo hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kufuata kalenda tofauti.

Mwaka 2022, chini ya waziri Caroline Désir, upande wa Kifaransa uliivunja kalenda ya zamani. Shule zilifunguliwa tarehe 29 Agosti badala ya mwanzo wa Septemba, na mpango ukawa takriban wiki saba za masomo kisha mbili za mapumziko. Flandria haikufuata. Mwaka 2023 watoto wa shule za Kiholanzi walipumzika kwa Pasaka kuanzia tarehe 3 Aprili. Wenzao wa Kifaransa walisubiri hadi tarehe 1 Mei. Wiki hata moja haikukutana.

Kwa mtoto mchovu mpango huo una mantiki, wala siubezi. Lakini tazama ulichofanya kwa ajira. Likizo ya Oktoba na ile ya Februari ziliongezwa wiki moja kila moja, na likizo ndefu ya Julai na Agosti ikapunguzwa ikawa wiki saba. Kazi ya kuwaangalia watoto ikahamishwa kutoka kiangazi, wanafunzi wa vyuo wakiwa huru, ikapelekwa katikati ya muhula wao. Vyuo havikubadili kalenda pamoja na shule. Mwanzoni mwa Mei mwanafunzi wa chuo anajiandaa kwa mitihani. Wiki ya kwanza ya Julai amemaliza, anatafuta kibarua, na watoto wa shule za Kifaransa bado wako darasani: mwaka 2023 walifunga tarehe 7 Julai.

Sasa sheria. Amri ya mwaka 1999 ya Jumuiya ya Kifaransa, yaani Shirikisho lilelile la Wallonie-Bruxelles, kuhusu vituo vya likizo inataka kiongozi mmoja wa michezo kwa watoto wanane kama kundi lina wa chini ya miaka sita, na mmoja kwa kila 12 kama wote wamefikia umri huo. Angalau kiongozi mmoja kati ya watatu awe na cheti, na cheti hicho huchukua saa 300, nusu darasani na nusu uwanjani.

Tuseme kiwanja cha likizo, kimoja cha vituo hivyo, kinatarajia watoto wadogo 48 na wakubwa 60. Kinahitaji viongozi sita na watano, jumla 11, na wanne kati yao wawe na vyeti. Wakipatikana wenye vyeti wawili tu, kiwanja hakiwezi kuhesabu zaidi ya viongozi sita, hata kama vijana wasio na cheti wamejipanga mlangoni. Ukiwapa wadogo wote nafasi, wale 60 wanabaki nyumbani. Kitabu cha mahudhurio kitaandika watoto 48, na mwaka ujao mtu wa bajeti atasema hamu imepungua, kisha atakata nafasi za kazi kulingana na idadi hiyo. Hapo upungufu wa watumishi unazaa upungufu wa watoto, na upungufu wa watoto unatumika kuhalalisha kupunguza watumishi.

Serikali ya Ubelgiji ilipandisha saa ambazo mwanafunzi anaweza kufanya kazi kwa makato nafuu: 475 zikawa 600 mwaka 2023, na 650 kuanzia 2025. Hatua nzuri kwa mikahawa. Kwa viwanja vya likizo haitoshi peke yake, kwa sababu mwanafunzi anayejiandaa kwa mitihani mwezi Mei hana saa hata moja ya kuuza. Wala huwezi kuazima kirahisi vijana wa upande wa pili: wiki ambazo watoto wa Kifaransa peke yao wako likizo, wanafunzi wa sekondari za Kiholanzi wako darasani, na lugha ya kazi si ileile.

Wanaobaki ni wanafunzi wa sekondari za Kifaransa, wenye kalenda ileile na watoto. Wengi hawana cheti. Manispaa inayotaka kujaza viwanja vyake Oktoba na Mei iwalipie mafunzo hao, na iajiri kwa mwaka mzima kikosi kidogo cha wenye vyeti badala ya kuwatafuta upya kila likizo. Na kabla baraza halijapiga kura ya kupunguza nafasi, liombe namba mbili ambazo kitabu cha mahudhurio hakizionyeshi: watoto waliokosa nafasi, na wenye vyeti waliokuwepo wiki hiyo.