Kitanda cha Mfumi na Maandishi Yaliyokihusu

Yako maneno mawili ambayo hayakosekani katika gazeti lolote la Kiswahili la siku hizi, nayo ni mfumo na mtandao. Husemwa mfumo wa elimu, mfumo wa vyama vingi uliorudishwa Tanzania mwaka 1992, mtandao wa barabara na mtandao wa simu. La kwanza limetokana na kitenzi fuma, yaani kupitisha uzi baina ya nyuzi hata zikawa nguo. La pili limetokana na tanda, kitenzi kile kile kilichozaa neno mtande, yaani nyuzi za urefu zinazowambwa kabla ya kufuma kuanza. Lugha, basi, imebaki na kitanda cha mfumi hali nyumba zimekwisha kukipoteza. Jambo hili lastahili kupimwa, kwa sababu maandishi mengi yaliyoeleza ufumaji wa Afrika Mashariki yameitazama sana nguo iliyotoka kitandani, yakamsahau mtu aliyeketi mbele yake. Hawakuuliza waandishi kwa nini mtu aipende kazi ile.

Mahali panapofaa kulipima ni bonde la Rukwa. Kasansa ni kata ya Mpimbwe, katika mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Ni nchi ya Wapimbwe, majirani wa Wafipa wanaokaa juu uwandani. Bonde ni la joto, na pamba humea vizuri huko kuliko uwandani kwenye baridi. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kwisha Aprili. Baada ya mavuno hufuata kiangazi kirefu ambacho jembe halina haraka. Katika karne ya 19 sehemu hizi za Rukwa na Ufipa zilijulikana kwa nguo za pamba zilizofumwa kwa mkono, na wafumaji walikuwa wanaume. Kazi haikuhitaji jengo maalumu. Vigingi vilichomekwa ardhini kivulini karibu na nyumba, na mfumi akaketi.

Ili ieleweke kazi hiyo ilikuwa na nini ndani yake, yafaa ifuatwe hatua kwa hatua. Pamba hutolewa mbegu, huchambuliwa mpaka iwe laini, kisha husokotwa kwa pia, kijiti chembamba chenye uzito chini kinachozunguka huku kikining'inia. Hapo mkono hujifunza jambo la kwanza: uzi ukivutwa upesi hukatika, ukicheleweshwa hunenepa. Nyuzi zikitosha hutandwa baina ya miti miwili iliyoshikwa na vigingi, nao ndio mtande. Nyuzi moja kwa moja, kwa kupishana, hufungwa kwa vitanzi kwenye ufito uliolala juu ya mtande. Ufito huo ukiinuliwa, nusu ya nyuzi hupanda na nusu hubaki chini, na katikati pakafunguka njia. Uzi wa kukingama, yaani mshindio, hupitishwa njiani humo, kisha bapa la mti hutiwa na kuushindilia ukae mahali pake. Ufito hushushwa, njia ya pili ikafunguliwa, uzi ukarudi. Ndivyo hivyo mpaka nguo iishe.

Mtu asiyeijua kazi hii huiona kuwa ni kurudia jambo moja mara elfu. Lakini anayeifanya haoni mara elfu za jambo moja. Kila uzi unaopita waweza kuivuta pembe ya nguo ndani, na nguo iliyoanza kwa upana mzuri ikamalizika imebanwa kama kiuno. Kosa la mtande halionekani pale lilipofanyika. Hujitokeza baadaye, mishindio kadhaa mbele, na hapo mfumi hana budi kufumua. Kiswahili kimeliweka tendo hilo la kutengua ndani ya kitenzi kile kile, fuma na fumua, kana kwamba lugha ilijua kwamba mfumi mwema ni yule asiyeona haya kurudi nyuma. Raha ya kazi hii, kwa hiyo, haikutengana na uangalifu wake. Mtu hukiona kitu kikikua mbele ya macho yake kwa kadiri ya uaminifu wa mkono wake, na hakuna msimamizi anayempimia siku.

Haya yote hayamo katika maandishi ya msafiri Richard Burton, aliyepita Unyamwezi, kaskazini ya Mpimbwe, katika safari yake ya miaka ya 1857 hadi 1859. Kitabu chake juu ya nchi za maziwa kilitolewa London mwaka 1860, katika mabuku mawili. Katika maelezo ya maisha ya kijiji anawachora wanaume kuwa ni watu wanaopoteza mchana katika iwanza, nyumba ya mazungumzo, wakivuta tumbaku, wakipiga soga na kucheza michezo ya kubahatisha. Lakini katika kitabu hicho hicho imo picha ya nyumba za iwanza, na maelezo yaliyoandikwa chini yake yasema kwamba upande wa kushoto wa nyumba hizo vimo vitanda vya kufumia. Picha yashuhudia jambo ambalo simulizi lalipuuza. Mahali alipoona uvivu palikuwa pia na kazi, na kazi hiyo ilifanywa palipokuwa na maongezi kwa sababu mikono ya mfumi yaweza kwenda na ulimi wake pia. Mwandishi hakuwa na neno la kuita kazi ifanywayo kwa starehe. Kwake yeye jambo lilikuwa ama kazi ama starehe. Kasoro hiyo si ya macho, maana kitanda alikiona. Ni kasoro ya kipimo.

Kipimo hicho kilitoka sokoni. Tangu mapatano ya biashara baina ya Sayyid Said na Marekani mwaka 1833, nguo nyeupe ya pamba kutoka viwanda vya Marekani ilienea pwani na bara, na hata leo jina lake, merikani, lamkumbusha msemaji ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoikata, nguo za Uingereza na India zilichukua nafasi. Kuanzia hapo kitanda cha nyumbani kilihukumiwa kwa swali moja tu: chaweza kushindana? Wanahistoria wa baadaye wamelijibu swali hilo kwa uadilifu zaidi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliutaja ufumaji pamoja na uhunzi na utengenezaji wa chumvi ili kuonyesha kwamba bara halikuwa nchi ya watu wasio na viwanda vyao. Katharine Frederick, katika uchunguzi wake wa mwaka 2020 juu ya miaka ya 1830 hadi 1940, alionyesha kwamba nguo za kigeni peke yake hazitoshi kuwa sababu ya kufifia kwa kazi hii. Hali ya nguvukazi yahusika pia. Hoja hiyo ina nguvu, kwani Ethiopia, iliyoletewa nguo za kigeni vile vile, Wadorze wangali wakifuma hadi leo.

Hata hivyo vitabu hivi viwili, kwa ubora wake wote, vimemtetea mfumi katika mahakama ile ile aliyohukumiwa, yaani mahakama ya uzalishaji. Vimethibitisha kwamba alikuwa mzalishaji mwenye akili. Havikuchunguza kwamba huenda alikuwa pia mtu aliyechagua. Ushahidi wa uchaguzi huo upo, nao ni wa zamani, ijapokuwa watoka mbali na Rukwa, pwani ya kusini. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika kama mwaka 1516, asimulia kwamba Waislamu wa Sofala walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, wakazifumua, kisha wakazifuma upya nyuzi zake pamoja na uzi mweupe wao wenyewe, ili wapate nguo ya rangi mbili. Asema walifanya hivyo kwa kuwa hawakujua kutia rangi. Sababu hiyo yaeleza haja ya uzi wa buluu. Haielezi kwa nini mtu aliyekwisha kuwa na nguo nzima mkononi aitengue na kuanza tena. Watu hao hawakukosa nguo. Walichokitaka ni nguo yao.

Kamusi nazo zina sehemu yake katika usahaulifu huu. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Johnson, ya mwaka 1939, inayo mtande na mshindio, na jina kitanda cha mfumi limehifadhiwa. Lakini ukiyahesabu majina ya nguo zinunuliwazo na vipimo vyake, kama merikani, kaniki, jora, doti na shuka, huonekana wazi kwamba duka limeandikwa kwa ukamilifu kuliko kitanda. Ufito unaoinua nyuzi, bapa la kushindilia, ile njia inayofunguka baina ya nyuzi: vitu hivi mwandishi wa Kiswahili hulazimika kuvieleza kwa maneno mengi. Wakati huo huo neno fuma limehama. Kwa wasemaji wengi wa leo kufuma ni kazi ya sindano ya ndoana, ya vitambaa vya meza na viti, au ya masweta. Uhamaji huo si upotovu. Waonyesha kwamba lugha ilikifuata kile kilichobaki nyumbani: uzi, mkono, subira na mazungumzo ya jioni. Hata wahakiki wa fasihi, walipohitaji neno la kuita mpango wa matukio katika hadithi, walichagua msuko, wakalitoa kwenye ukili na nywele, kazi ambazo bado zaonekana barazani kila siku.

Yawezekana kupinga kwamba kusifu raha ya kufuma ni kuipamba taabu. Pingamizi hili lina haki yake. Nguo ya mkono ilichukua siku nyingi, na nguo ya bei rahisi iliwafikia watu ambao hawangeweza kuisubiri. Kodi ya nyumba, iliyowekwa na serikali ya Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, ilitaka fedha, na siku za kiangazi zilizokuwa za kitanda zikawa siku za kutafuta fedha hizo. Hakuna mtu mwenye haki ya kumtaka mkulima wa Kasansa aache shati la dukani ili mtafiti apate cha kuandika. Lakini pingamizi hilo lajibu swali la mahitaji. Halijibu swali la maana. Kazi yaweza kuwa na taabu na bado ikawa na raha, na jamii yaweza kuiacha kwa sababu njema na bado ikapoteza kitu. Kukikana kilichopotea kwa sababu kilichopatikana ni kizuri si uadilifu wa kitaalamu.

Kwa hiyo lipo jambo la kufanywa ambalo halihitaji kukirudisha kitanda. Majina ya sehemu za kitanda na ya matendo ya mfumi katika Kipimbwe, Kifipa na lugha nyingine za bonde la Rukwa yanafaa kukusanywa kutoka kwa wazee wanaoyakumbuka, kila jina pamoja na tendo lake, na lile litakalofaa lipewe nafasi katika kamusi ya Kiswahili Sanifu. Istilahi za kisasa mara nyingi hutungwa mezani, kwa kutafsiri. Mfumo na mtandao yaonyesha kwamba neno lililotoka mkononi laweza kubeba mzigo wa mambo ambayo waliolianzisha hawakuyaota. Majina ya kitanda yaliyobaki yakipotea pasipo kuandikwa, mizizi hii miwili itaendelea kutumiwa bila jamaa zake, na msemaji wa kesho atasema mfumo umeharibika asijue kwamba kilichoharibika, hapo kale, kiliweza kufumuliwa kwa subira hadi penye kosa na kufumwa tena.